Mtumbwi wa Mohe

Jumatatu, 4 Novemba

Leo tumeufunua mtumbwi wa baba. Makuti tuliyoufunika nayo yameoza yakawa udongo, na chini yake wametoka panya na kaa mmoja wa nazi, mnene ajabu. Ihaia akamkimbilia yule kaa akicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nautazama ubao wa chini, ulivyobonyea nilipougusa kwa kidole. Umeoza kabisa. Kamba zinazoshona mbao zimekatika. Mrengu nao, ule mti wa pembeni unaouzuia mtumbwi usipinduke, umetobolewa na wadudu.

Ihaia ni mdogo wangu. Amekuja na meli ya juzi kutoka bandari ya Apia, baada ya kuishi Nyuzilandi tangu ujana wake, na ameomba likizo ya msimu mzima wa mvua kwa sababu nilimwandikia kwamba asipokuja asiniite dada tena.

"Utautengeneza, utausukuma majini, utavua," nimemwambia. "Mimi nitakaa nyumbani. Ndivyo tulivyo hapa, dada hukaa, kaka huenda."

"Na kama sijui kuvua?"

"Utajua."

"Dada, mimi kule naendesha foklifti, napanga mizigo ghalani."

"Basi mwaka huu utaendesha kafi."

Nimeanza kuandika ili hasira isinipungue. Watu wanasema muda huponya. Mimi sitaki kupona kabla Holomona hajaugua.

Jumatano, 6 Novemba

Niandike kisa chote mara moja, nisije baadaye nikakipunguzia makali.

Baba yetu, Mohe, alikuwa kiongozi wa wavuvi wa kijiji. Mwaka jana wazee waliufunga mwamba wa kaskazini ili samaki wazaliane, na ukifungwa haukanyagwi na yeyote. Asubuhi moja yakaonekana matumbo ya samaki yamesukumwa na maji mpaka ufukweni. Kuna mtu alikuwa amevua kule. Holomona, binamu wa baba, mtu niliyemwita baba mdogo tangu nilipojifunza kusema, akasimama barazani akasema ameuona mtumbwi wa Mohe kwenye mwamba alfajiri ile.

Alfajiri ile mtumbwi wa baba haukuwa mtumbwi. Baba alikuwa ameufungua mrengu aufunge upya, na vipande vyote vilikuwa vimelala mchangani mbele ya nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa kamba! Nikaenda barazani nikasema hivyo. Mzee mmoja akanijibu, "Binti akimsemea baba yake, tutegemee kusikia nini?" Wakacheka kidogo, kwa adabu.

Baba hakujitetea. Hapa mtu hambishii ndugu yake mbele ya baraza. Huinamisha kichwa akangoja ukweli ujitokeze wenyewe. Haukujitokeza. Mtumbwi ukapandishwa juu ukafunikwa makuti, uongozi akapewa Holomona, na baba akashinda kwenye mkeka akiitazama bahari mpaka akafa mwezi wa Juni. Holomona alikuja mazishini akalia kwa sauti kuliko sisi wenye msiba.

Sasa baraza limesema adhabu ilikuwa ya Mohe, na Mohe hayupo, kwa hiyo mtumbwi uko huru. Wamelisema hilo kana kwamba wanatupa zawadi. Nami nimelipokea kwa tabasamu, maana nautaka mtumbwi, na siutaki kwa ajili ya samaki.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani Holomona amekaa mbele yangu. Mahubiri sikuyasikia. Kisogo chake nimekikariri.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda nyumba ya mikutano kumwomba Mzee Tavita kamba. Wazee hukaa pale mchana kutwa wakisokota nyuzi za makumbi ya nazi kwenye mapaja yao, na habari zote za kisiwa husokotwa humo humo. Tavita haisikii vizuri dunia, lakini umbea anausikia hata ukinong'onwa.

"Kamba ya nini, Huhana?"

"Ya kushonea mtumbwi wa baba."

"Ya nini?"

"Ya mtumbwi, mzee! Wa baba!"

"Ah, wa Mohe. Nilidhani ya kumnyongea Holomona."

Wenzake wakakohoa kila mtu upande wake. Tavita akaendelea kusokota kama hajasema kitu.

"Ya mtumbwi nitakupa kwa nyama ya kopo," akasema. "Ile nyingine utaongeza biskuti."

Nimempelekea nyama ya kopo. Biskuti nazo nimezichukua mkononi, nikaghairi njiani, nikazila mwenyewe.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua. Ihaia amekaa chini ya banda akikwangua mbao kwa kipande cha gamba, kidogo kidogo, kama mtu anayemnyoa mgonjwa. Nimemwambia aongeze kasi. Amesema mbao zikikwanguliwa kwa hasira huwa nyembamba. Hilo kafundishwa na nani? Kwenye foklifti?

Jumamosi, 30 Novemba

Juma zima nilikuwa visiwa vya ng'ambo ya wangwa, yale maji tulivu ya ndani ya mwamba, na akina mama, tukikata majani ya mkadi ya kusukia mikeka. Nimerudi leo. Kabla sijaweka mzigo chini, jirani yangu Luta kanidaka njiani, uso unang'aa kwa habari.

"Hongera, shoga. Nasikia mmepatana."

"Nani na nani?"

"Si nyinyi na Holomona. Ule ubao wa mti wa kanava aliokuwa ameuweka kwa ajili ya mtumbwi wake, kaubeba begani mpaka kwenu. Mchana kweupe! Kijiji kizima kimeona. Au wewe hukuambiwa?"

Nimekwenda moja kwa moja bandani. Ihaia alikuwa anapaka utomvu wa mshelisheli kwenye maungio. Ubao wa chini ulikuwa mpya, mwekundu, umeshashonwa.

"Huu umeupata wapi?"

Akashuka, akakaa mchangani miguu ameikunja, maana hapa kaka hasemi na dada yake akiwa amesimama juu yake.

"Dada, kaa kwanza."

"Nimekaa maisha yangu yote. Umeupata wapi?"

"Kanipa baba mdogo."

"Hatuna baba mdogo."

"Hakusema kitu. Aliuweka hapo akaondoka. Nikadhani..."

"Ukadhani nini?"

"Nikadhani ubao ni ubao."

Nikamwambia autoe. Akasema hautoi. Tangu azaliwe hajawahi kunikatalia, na amenikatalia kwa sauti ya chini, macho ameyainamisha, kwa heshima zote.

"Vidole vyangu vimechanika kwa kushona, dada. Tazama. Ukitaka utoke, shoka lile pale. Upasue wewe."

Nikalichukua shoka. Nilisimama juu ya mtumbwi mpaka mikono ikaniuma. Ubao ule ni mzuri, hauna fundo hata moja, umechongwa na mtu anayejua mtumbwi unataka nini, na umekaa mahali pake bila kuacha upenyo wa hata ukucha. Laiti angeuchonga vibaya! Nimelirudisha shoka.

Baadaye nikaona jambo. Ubao wenyewe umelala chini kabisa, pale inapokusanyika ngama, yale maji machafu yote ya mtumbwi, pamoja na damu ya samaki na matope ya miguu. Basi ukae hapo. Nimemwagiza Ihaia akiwa baharini asioshe miguu.

Lakini swali linanisumbua. Mtu asiye na kosa anatoaje ubao wake mzuri, bila neno, akaondoka bila kungoja shukrani?

Jumatatu, 2 Desemba

Ihaia na mimi hatusemeshani. Shelisheli imeungua. Tumeila hivyo hivyo.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimepata. Nilikuwa nalisha nguruwe, na jambo lenyewe likanijia lote kwa pamoja, nikaacha nguruwe wanapiga kelele nikakaa kwenye ukuta wa mawe nikacheka peke yangu.

Hapa kwetu samaki wote wa baharini humwagwa ufukweni, wakagawanywa kwa kila nyumba sawasawa, mgonjwa na mzima, mvuvi na asiyevua. Ukivua wengi kuliko Holomona hujamshinda kitu, samaki wakigusa mchanga hawana mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa kwa ajili hiyo. Lakini mtumbwi uliotoka kwenye matengenezo una safari moja isiyoingia kwenye mgao, nayo ni ile ya kwanza. Samaki wa safari hiyo hupelekwa kwa mtu mmoja, na mwenye kuchagua ni mwanamke mkubwa wa nyumba yenye mtumbwi. Ndiye mimi. Siku zote hupelekewa mchungaji, mpaka watu wamesahau kwamba kuna kuchagua.

Anayepewa hawezi kukataa. Husimama mbele ya watu akausifu mtumbwi, kuanzia ubao wa chini mpaka juu, akataja kamba, akamtaja aliyeujenga kwa jina. Na maneno ya kufungia yanajulikana na kila mtu, yaani mtumbwi huu umetoka na kurudi bila kuvunja neno la kijiji.

Holomona atasimama aseme maneno hayo juu ya mtumbwi wa baba. Akiyasema, amejiita mwongo kwa kinywa chake. Asipoyasema, ameitukana nyumba iliyomletea samaki, na kwa hilo hakuna atakayemtazama usoni tena. Njia ya tatu sijaiona, na nimeitafuta kwa niaba yake mchana kutwa.

Ihaia sijamwambia. Ana moyo laini, angekwenda kumwonya.

Jumatano, 11 Desemba

Tunautia mtumbwi vifaa. Ihaia amechonga kafi mbili, moja nzuri, ya pili kama mwiko wenye ugonjwa fulani. Kata ya kufulia maji, ya kuyachota yakiingia ndani, ipo. Mrengu mpya umefungwa kwa kamba ya Tavita, umekaza. Leo nimefungua kisanduku cha baba cha ndoana za gamba la chaza, nikazipanga kwenye mkeka kwa rangi, nyeusi za asubuhi yenye mawingu, za maziwa kwa jua kali. Nilikuwa namsaidia kuzipanga tangu utotoni, kwa hiyo nimemfundisha Ihaia, na yeye akasikiliza vizuri. Tumeanza kusemeshana.

Luta amekuja kuchungulia, akataka kuuruka mshipi uliotandazwa. Nimempigia ukelele akabaki mguu mmoja hewani. Mwanamke hauruki mshipi wa mvuvi, hata mtoto anajua.

"Makubwa!" akasema. "Kwani mnakwenda kuvua nini, shoga? Nyangumi?"

"Karibu na hapo," nikamjibu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Holomona ameimba besi, na ameimba vizuri. Hata hilo limeniudhi.

Jumanne, 7 Januari

Sijaandika kwa sababu hapakuwa na pakavu pa kuandikia. Redio ilitangaza kimbunga kinapita kusini kwetu. Hakikutupiga, lakini kilitupigia bahari. Juzi mawimbi yalivuka ufukwe yakaingia kwenye mabanda ya mitumbwi, na maji yakawa yanakimbia kati ya nyumba yamebeba makuti na ndara za watu.

Mimi na Ihaia tuliushika mtumbwi, mimi mbele, yeye nyuma, na haukunyanyuka. Nikapiga kelele za kuomba msaada, wala sikuchagua wa kumwita. Wanaume wakaja. Mtu akaingia nyuma yangu akatia bega chini ya mtumbwi, akasema, "Haya, mwanangu, nyanyua," nikanyanyua, na tulipofika katikati ya kijiji ndipo nilipogeuka nikamwona. Holomona. Maji yanamchuruzika usoni. Aliufunga mtumbwi wetu kwenye mnazi kwa mikono yake, akajaribu fundo, akajaribu tena. Ndipo akaenda kuutafuta wake. Aliukuta umeangukiwa na mnazi, mrengu vipande vipande.

Ihaia ananiambia, "Umeona, dada?"

Nimeona. Nina macho. Nimeona pia kwamba baba aliposhushwa, bega hilo hilo lilikuwepo, na halikunyanyua kitu. Nimekasirika kuliko mwezi wa Novemba. Mtu akikudhulumu, basi angalau abaki mbaya, akuachie njia yako.

Ijumaa, 10 Januari

Mvua. Tumeukausha mtumbwi kwa matambara. Ubao wa chini haukuingiza hata tone.

Jumanne, 14 Januari

Ihaia ameondoka kabla ya jua na amerudi adhuhuri. Niliusikia ufukwe ukipiga kelele kabla sijamwona. Kapata jodari, si wengi, lakini mmoja ilibidi abebwe na watu wawili. Alikuwa ametapika njiani, ameungua pua, na alikuwa anacheka kama kichaa. Nilimpenda sana wakati ule. Ndipo nikamwambia samaki wanakwenda wapi.

Akaacha kucheka.

"Dada, usifanye hivi."

"Kuchagua ni kwangu."

"Najua ni kwako. Nakuomba."

"Shika upande wa kichwa," nikamwambia, naye akashika, kwa sababu mimi ni dada yake.

Tumewalaza samaki kwenye chano cha makuti tukapita njia kuu, watu nyuma yetu wakiimba. Mchungaji alikuwa ameshavaa shati jeupe amesimama barazani kwake, mikono mbele, uso wa kupokea. Tulipompita bila kusimama, wimbo ukakatika. Nyuma yangu nikamsikia Tavita akiuliza kwa sauti, "Wanampelekea nani?" na mtu akamjibu, na Tavita akasema, "Lo!"

Holomona alikuwa nje ya nyumba yake anachonga mrengu mpya. Aliponiona akaiweka tezo chini taratibu.

"Samaki wa kwanza wa mtumbwi wetu," nikasema, kwa sauti ya kufika mbali. "Pokea, usimame, utuambie umeona nini."

Alisimama. Alitazama samaki, akamtazama Ihaia, akanitazama mimi, na nikajua kwamba ameelewa yote. Nilifurahi. Niandike ukweli wangu, nilifurahi sana.

Akaanza. Akausifu ubao wa chini bila kusema ni wa nani. Akazisifu mbao za ubavuni, akaisifu kamba, na Tavita akadakia, "Ongeza sauti!" Akasifu mrengu na kafi zote mbili, hata ile mbaya. Akasema, "Mtumbwi huu umejengwa na Mohe." Kisha akanyamaza.

Mvua ikaanza. Hakuna aliyeondoka, maana mapokezi yalikuwa hayajafungwa. Watoto walioanza kucheka walifinywa. Maji yalikuwa yanawaosha samaki, damu inapita kati ya vidole vya miguu yake, na yeye amesimama tu. Nikamwambia, "Malizia, baba mdogo." Nililisema jina hilo kwa makusudi, limchome.

"Umetoka na kurudi," akasema, "bila kuvunja neno la kijiji." Akapangusa uso. "Aliyelivunja ni mimi."



"Wakwe zangu walikuwa wamekuja na meli," akaendelea, na hakuwa anasema na mimi tena, alikuwa anasema na watu wote. "Wiki ile bahari ilikuwa mbaya, ndani ya wangwa hakuna hata mkia wa samaki, na mimi najiita mvuvi. Niliona aibu. Nikaenda mwambani. Baraza lilipouliza nani, nikasema Mohe."

"Kwa nini yeye?" Ihaia ndiye aliyeuliza. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kwa sababu nilijua hatabisha."

Sikutegemea jibu hilo. Nilikuwa nimejiandaa kwa wivu, kwa tamaa ya uongozi, kwa uchawi hata. Kumbe baba alichaguliwa kwa ajili ya upole wake. Kama angekuwa na hasira zangu, leo angekuwa hai amekaa tezi, nyuma kule, anaongoza wavuvi. Nimerudi nyumbani nikaketi kwenye mkeka wake na nguo zangu zenye maji. Ile furaha niliitafuta nikaikuta bado ipo, lakini ilikuwa na ladha ya chuma.

Jumatano, 15 Januari

Baraza. Wazee wale wale. Aliyenicheka mwaka juzi leo kaniita "binti yetu" na kunisogezea mkeka mzuri. Wakasema mkosaji amekiri mwenyewe, na kwa kuwa nyumba iliyoumizwa ni yetu, nitaje mimi adhabu. Nilikuwa nimekwenda nayo mdomoni, mtumbwi wake upandishwe, ufunikwe makuti, naye akae mkekani mpaka afe. Kama baba.

Tavita akanitangulia.

"Mkimtoa baharini na huyu, samaki atatuletea nani? Huyu wa foklifti?"

Wakacheka. Ihaia naye akacheka, mjinga yule. Nikawatazama wazee nikaona wote wanafikiria matumbo yao. Walipomshusha baba walikuwa na Holomona wa kuwalisha, kwa hiyo haikuwauma. Leo inawauma, na sasa wanataka niwe na huruma. Huruma sikuwa nayo. Lakini nikakumbuka ile kafi mbaya, na Ihaia alivyotapika njiani, na vitu vyote alivyovijua baba ambavyo hakuna aliyebaki anavijua ila mtu mmoja.

"Mtumbwi wa Holomona upandishwe, ufunikwe," nikasema. "Uongozi auache. Na kila siku ya kuvua atatoka na mtumbwi wa baba. Atakaa mbele apige kafi, Ihaia atakaa tezi. Atamfundisha yote, asifiche hata ndoana. Na kila asubuhi, kabla hawajashuka, aje mlangoni kwangu auombe."

Wazee wakanong'onezana.

"Mpaka lini, binti yetu?"

"Mpaka niseme."

Holomona akainamisha kichwa. Hakubisha.

Alhamisi, 16 Januari

Amekuja. Nilikuwa nimeshaamka nimechana nywele. Alisimama chini ya ngazi.

"Huhana, naomba mtumbwi."

"Mtumbwi wa nani?"

"Wa... wenu."

"Wetu sisi akina nani? Wa nani?"

"Wa Mohe."

"Sijasikia."

"Mtumbwi wa Mohe."

"Na Luta hajasikia, yuko jikoni kwake."

Akavuta pumzi akasema kwa sauti ya kanisani, ile besi yake, "Naomba mtumbwi wa Mohe!" Mbwa wakabweka. Luta akatoa kichwa dirishani na mswaki mdomoni. Nikampa kafi, ile mbaya.

Sijawahi kunywa chai tamu kama ya leo.

Ijumaa, 17 Januari

Kaja. Nimemfanya aseme tena mara tatu.

Jumatatu, 20 Januari

Kaja na mafua. Nimemuuliza vile vile.

Jumatatu, 3 Februari

Mgao wa leo ulikuwa mnono. Ihaia anasema baba mdogo huona kundi la jodari kwa dalili ya ndege kabla yeye hajaona ndege wenyewe. Nimemwambia asimwite hivyo ndani ya nyumba hii. "Basi nitamwita nje," akasema.

Jumatano, 12 Februari

Mvua. Hawakutoka. Nimekaa mlangoni hata hivyo.

Jumatatu, 17 Februari

Luta kaniambia, "Shoga, wewe umeanzisha balaa. Watoto wamelifanya mchezo. Mmoja anakuwa Huhana, anashika kiuno, anauliza mtumbwi wa nani, na wenzake wanamjibu wa Mohee! Kutwa nzima. Kichwa kinaniuma."

Nimekwenda kuwatazama nikiwa nyuma ya tangi la maji. Anayekuwa mimi ni mjukuu wa Holomona, kasichana kembamba, na ananiiga vizuri mno. Nilitaka kukasirika. Nimesimama pale nikilisikia jina la baba likirushwa na watoto huku na huku mpaka mama zao wakawaita kula.

Jumatatu, 24 Februari

Meli imekuja, imekwenda. Ihaia hakupanda. Amewaandikia wenye foklifti watafute mtu mwingine. Wakati wa kula kaniuliza bila kunitazama, "Dada, haijatosha?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

Nikamwongezea wali ili anyamaze. Nikajibu moyoni kwamba nangoja siku itakayomuuma kama ya kwanza. Tangu siku ile haijampata nyingine, nami nimekuwa nikimwangalia vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua imekatika. Asubuhi imeamka safi, bahari imelala.

Nilikuwa bado nakunja mkeka nilipomsikia. Alikuwa mbali, kwenye kona ya kwa Tavita, anakuja na njia, na analisema kwa sauti yake yote, bila kuulizwa, kama mtu anayewajulisha watu anakokwenda. "Naujia mtumbwi wa Mohe! Naujia mtumbwi wa Mohe!" Mtu akamjibu kutoka ndani ya nyumba, "Haya, mlete na kolekole leo!" Mbwa hawakubweka. Luta hakutoa kichwa. Kasichana kale kalikuwa mbele yake kanaruka ruka.

Akafika chini ya ngazi. Nilishika kiuno, nikafungua mdomo, na nikaona hakuna kilichobaki cha kumuuliza. Alishasema. Kijiji kizima kilishasikia, na hakuna aliyeshangaa. Alinitazama, akangoja kwa adabu.

Nilitaka kumwambia kwamba sijasema imetosha. Nilitaka kumwambia arudi mpaka kwenye kona aje upya, kimya. Ihaia alikuwa anamwita kutoka ufukweni, maji yanakupwa.

Nikampa kafi nzuri, maana ile mbaya ilivunjika juzi. Wakausukuma mtumbwi wa baba majini, wakaondoka. Mimi nimebaki mlangoni na swali langu, sina wa kumuuliza.